Nilimpiga mume wangu mgonjwa, Jumapili nikasimama kuongoza maombi

Bwana Yesu asifiwe.

Naomba msichapishe jina langu wala la usharika wetu. Huku kwetu mkoani Njombe tunajuana mpaka kuku wa jirani.

Mimi ni mama wa miaka 57, Mlutheri wa kuzaliwa. Mume wangu ana miaka 68. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mpaka leo kila mtu anamwita Mwalimu, nami namwita hivyo hivyo. Alipostaafu alipanda miparachichi, akachaguliwa mzee wa kanisa, na kwaya hawakukubali kumwachia kwa sababu ya besi yake. Mwaka juzi mwezi wa tatu tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi, kikombe kikamdondoka. Nikamuuliza, "Mwalimu, umeungua?" Kuinua macho, naona mdomo umekwenda upande. Presha alikuwa nayo muda mrefu, lakini vidonge alikuwa anameza siku anazojisikia vibaya tu.

Alilazwa wiki tatu. Alirudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vimelala, na maneno yamekwisha. Limebaki moja tu, "bado". Akisikia njaa, bado. Akiumwa, bado. Mjukuu akimkimbilia, bado, na machozi juu. Anaelewa tunachosema, hilo nina hakika nalo, maana tukitaja bei ya parachichi anakunja uso.

Kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kumbadilisha pampasi, kumtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu, yote ni mimi. Ni mtu wa kilo 80 na ushee. Watoto wetu watatu wako Dar na Dodoma, hutuma hela wanapopata, siwalaumu. Kuna binti anayenisaidia kupika na kufua, lakini saa 11 jioni anarudi kwao. Usiku tunabaki wawili.

Mimi ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake usharikani, huu ni mwaka wa sita. Kazi yetu kubwa, mtacheka, ni kutembelea wagonjwa. Akina mama wakija kwangu wanaimba, wanaomba, halafu lazima mmoja aseme, "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Wakiniuliza wanisaidie nini, nawajibu, "Namtegemea Mungu," nawasindikiza hadi getini. Mchungaji aliwahi kunitolea mfano kwenye mahubiri, akasema mkitaka kuona imani nendeni kwa mama yule. Nilikuwa benchi la tatu, nikatamani ardhi ipasuke.

Ukweli ni kwamba nyumbani siombi tena. Nikipiga magoti, nalala pale pale. Mbele za watu maneno yanakuja yenyewe kwa mazoea.

Mwezi wa saba mwaka huu, baridi ya huku mnaijua, usiku mmoja niliamka mara ya tatu kubadilisha mashuka. Mashuka mengine yalikuwa bado mabichi kwenye kamba karibu na jiko la mkaa. Nilipoinama, Mwalimu alinishika mkono wa sweta kwa ule mkono wake mzima, akavuta, akawa anasema bado, bado, bado, bado. Nilimpiga kofi la mkononi. Akaendelea kuvuta. Nikampiga la pili, shavuni. Akanyamaza. Nilimaliza kubadilisha mashuka, nikakaa sakafuni mpaka jogoo wakawika.

Asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba msamaha. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Bado."

Neno hilo halinitoki kichwani. Jumapili ile ilikuwa zamu ya wanawake kuongoza ibada. Nilisimama mbele nikaomba, watu wakalia, wakasema amina. Hakuna anayejua.

Sasa wifi yangu, dada yake Mwalimu, yuko Mbeya. Ni muuguzi mstaafu, ana nyumba kubwa na wasichana wawili wa kumsaidia. Ananiambia nimpelekee kaka yake akae naye miezi mitatu nipumzike. Nilipomuuliza Mwalimu alitikisa kichwa akalia, lakini siku hizi analia hata akisikia mlango unabishwa. Nikimpeleka watu watasema nimemtupa. Niliapa katika afya na katika ugonjwa. Na moyoni nasikia nikikubali nitakuwa nimekiri kwamba kumtegemea Mungu kumenishinda. Dada mmoja wa maombi ameniambia udhaifu kama wangu huletwa na dhambi iliyofichwa. Sijui kama nimweleze mchungaji, sijui kama niache uenyekiti. Nikiacha, wataniuliza kwa nini.

Kuna usiku naomba Bwana amchukue Mwalimu. Usiku mwingine naomba anichukue mimi. Halafu naogopa ombi langu mwenyewe. Nifanye nini?

Mama wa Njombe

*

Amina, mama. Kamwene.

Umeniuliza kuhusu wifi yako, kuhusu uenyekiti na kuhusu lile kofi. Nitafika kote huko. Lakini kuna sentensi umeiandika mwishoni, kama mtu anayetupa neno akiwa ameshafika mlangoni, kwamba usiku mwingine unaomba Bwana akuchukue wewe. Naanza hapo.

Nakuuliza waziwazi, kama ambavyo ningekuuliza tukiwa wawili jikoni. Ukiomba hivyo, ni mwili unaotamani kulala usiamshwe, au umeshaanza kuwaza namna ya kufanya? Hiyo ya kwanza wanaijua wengi wanaouguza mtu kwa muda mrefu, wanaona aibu kuitamka. Ya pili ikiwepo, hata kidogo, usingoje Jumapili. Mpigie mwanao mmoja leo hii, mwambie maneno yale yale uliyoniandikia, na uende hospitali ukamwone daktari kwa ajili yako mwenyewe. Nina wasiwasi kwamba tangu mwaka juzi kila ulipokwenda hospitali ulikuwa unasukuma kiti cha mtu mwingine.

Eliya aliomba ombi lako hilo hilo. Alitoka mlima Karmeli alikouona moto ukishuka, na muda si mrefu yuko jangwani chini ya mretemu anasema, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Ukifungua 1 Wafalme 19, angalia jambo ambalo malaika hakulifanya. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi akamwambia ale mara ya pili. Sababu aliyompa ndiyo nataka uishike: safari hii ni kubwa mno kwako. Malaika wa Bwana anamwambia nabii kwamba safari imemzidi kimo, na hamwambii kama lawama.

Sasa ule msemo wa akina mama, kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, tunauweka wapi? Umeuzoea kiasi kwamba unadhani ni mstari wa Biblia. Haumo. Ulio karibu nao ni 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anazungumzia majaribu ya kuabudu sanamu na uzinzi na kunung'unika, tena anasema Mungu hufanya "mlango wa kutokea". Mlango, mama. Na mtu huyo huyo, alipowaandikia Wakorintho kwa mara nyingine, anaeleza yaliyompata Asia: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Kuliko nguvu zetu. Wanaokuambia msemo ule hawana nia mbaya, wanatafuta neno la kuagia. Ila wewe umeugeuza kipimo, kila unapochoka unajiona umefeli mtihani ambao hakuna aliyeutunga.

Sasa kofi.

Umeniandikia baridi, mashuka mabichi, kuamka mara ya tatu usiku mmoja, na yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba ulimpiga mtu asiyeweza kukimbia, asiyeweza kujikinga vizuri, na asiyeweza kwenda kumwambia mwingine kilichompata. Sitakupunguzia hapo. Nikikupunguzia, hata msamaha ukija hutauamini, utasema nimesamehewa kitu kidogo kuliko nilichofanya. Lakini usikubali pia kwamba usiku ule umefichua wewe ni nani hasa, na ile miaka miwili ya kumgeuza na kumwosha ilikuwa igizo. Kwa nini dakika moja ndiyo iwe ukweli na siku mia saba ziwe uongo?

Swali linalonisumbua zaidi ni la usiku ujao. Saa nane, mashuka, sweta linavutwa, na wewe hujalala. Hakuna kilichobadilika katika chumba kile tangu mwezi wa saba isipokuwa hofu yako, na hofu haimlindi mtu aliyechoka. Kwa hiyo kabla ya mambo makubwa, jiwekee hili dogo: ukihisi mkono umekuwa mzito kwa hasira, mhakikishe Mwalimu hawezi kuanguka, funika miguu yake, toka nje barazani hata kama kuna ukungu. Atakaa na unyevu dakika kumi, hazitamdhuru kama lile kofi la usiku ule. (Na hilo jiko la mkaa, kama huwa mnalala nalo ndani kwa ajili ya baridi, tafadhali litoe au ulizime. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Nisingekuwa na amani kama nisingelisema.)

Halafu lile neno lake.

Mimi si daktari, lakini wifi yako atakuthibitishia hili, maana amefanya kazi wodini. Kiharusi kinacholaza upande wa kulia mara nyingi kimeumiza upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko maneno yanakotengenezwa kwa watu wengi. Wapo wanaobakiwa na neno moja au mawili yanayotoka kwa kila jambo. Neno lenyewe halibebi tena maana yake ya zamani. Mtu anataka kusema "maji" au "asante" au "ninaogopa", na linalotoka ni lile lile, naye analisikia, anajua silo, anazidi kulirudia. Huenda usiku ule alipokuvuta sweta alikuwa anajaribu kusema kitu kabisa kingine. Asubuhi ulipopiga magoti alikujibu kwa neno pekee alilonalo. Ungemwomba msamaha au ungemwambia mvua inanyesha, angesema bado.

Je, inawezekana kweli hajakusamehe? Inawezekana, siwezi kukuambia moyo wa mtu. Ninachosema ni kwamba umejihukumu kwa ushahidi usiosomeka. Kuna njia ya kumuuliza. Mkono wake wa kushoto ni mzima. Kubalianeni mchana, akiwa ameshiba na ametulia, kwamba kubana kidole mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Anza na mambo ya chai na sukari mpaka muwe na uhakika mnaelewana, maana wengine hata ndiyo na hapana huwachanganya. Ukishaona inafanya kazi, mwombe msamaha tena, kisha umpe mkono. Jiandae kwa jibu lolote.

Huyo dada wa maombi aliyekuambia udhaifu huletwa na dhambi iliyofichwa, nitampitia haraka. Hata mpangilio wa mambo haukubali. Uchovu wako ulianza mwaka juzi mwezi wa tatu, kofi ni la mwezi wa saba mwaka huu. Na Paulo aliyekuwa na mwiba mwilini alimsihi Bwana mara tatu umtoke, hakuambiwa aungame kwanza. Aliambiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Kuhusu dhambi ambayo kweli unayo, ile ya kofi, kuna pa kuipeleka. Ulipokuwa unajifunza kipaimara ulikariri habari ya maungamo. Luther aligombana na Roma kwa mengi, lakini maungamo ya faragha hakuyafuta, aliyaacha ndani ya Katekisimu Ndogo. Sisi tumeyasahau kwa sababu tunakiri pamoja kila Jumapili kwa sauti moja, na ndani ya sauti moja ni rahisi kujificha.

Unaweza kumwendea mchungaji wako kwa njia hiyo. Hatari yake naiona: huyu ni mchungaji aliyekwisha kukutolea mfano madhabahuni, na mfano mzuri humwuma mhubiri kuupoteza. Kwa hiyo ukienda, usianze na maneno ya "nina mazungumzo kidogo". Mwambie tangu mlangoni kwamba umekuja kuungama, ili ajue analolisikia halitoki. Kama moyo unakataa kabisa, upo uhuru wa kwenda kwa mchungaji wa usharika mwingine, au wa hospitali, asiyejua benchi unalokaa. Au kuanza na wifi yako. Au kunyamaza kwa sasa, hilo nalo ni chaguo, ila umeshaliishi miezi kadhaa na barua yako ndiyo matokeo yake. Wahenga wana neno lao kuhusu mficha maradhi, unalijua.

Nije kwa wifi. Hapa ndipo nataka tukae.

Unasema kukubali ni kukiri kwamba kumtegemea Mungu kumekushinda. Hebu tuangalie ulivyokuwa ukilitumia neno hilo. Akina mama wamekuja, wamekuuliza wakusaidie nini. Wale ni watu sita au wanane wenye mikono, baadhi yao wameuguza, wengine wana vijana nyumbani wenye nguvu za kumnyanyua mtu wa kilo 80. Ukajibu, "Namtegemea Mungu," ukawasindikiza getini. Mama, niruhusu niseme kwa upole: pale getini hilo neno lilikuwa komeo. Ulilisema ili waondoke kabla hawajasikia harufu ya chumba, kabla hawajaona macho yako. Silaumu. Mwalimu alikuwa mtu wa heshima, na hutaki waliofundishwa naye wamwone na pampasi. Lakini je, Mungu unayemtegemea angewatumia akina nani, kama si hao uliowafungulia geti watoke?

Kuna mahali nimekuwa nikiparudia tangu nilipopata barua yako. 2 Wakorintho 7. Paulo amefika Makedonia, mwili hauna nafuu, nje vita, ndani hofu. Wewe ungemwambia nini? Pengine ungesema atulie, Mungu atamfariji. Na Mungu alimfariji kweli. Soma namna yenyewe: "alitufariji kwa kuja kwake Tito." Basi. Hakuna moto wa Karmeli hapo, hakuna hata sauti usiku. Alikuja mtu, amechoka na safari, miguu ina vumbi, ana habari za Korintho. Na Paulo, ambaye hakuwa mgeni wa maono, akaiita hiyo faraja ya Mungu bila kigugumizi. Nashindwa kuona kwa nini wewe, mwanamke mwenye nyumba Mbeya akikuambia nileteeni kaka yangu, uone ni Mungu ameshindwa na wifi ameziba pengo.

Hiyo haina maana kwamba lazima umpeleke. Kuna mambo ya kupima. Mgonjwa wa namna hii akihamishwa chumba anaweza kuchanganyikiwa siku za kwanza, asilale, awe mkali. Safari yenyewe, kushuka Makambako na kukata kwenda Mbeya, si ya basi kwa mtu asiyeweza kujigeuza. Atahitaji gari la kulala au kusimama mara kwa mara, na vidonge vya presha visikatike hata siku moja, maana kuviruka ndiko kulikotufikisha hapa. Kadi ya bima iende naye, na muulize wifi mapema hospitali gani ataonwa. Halafu kuna upande wako, ambao hujautaja. Miezi mitatu ya nyumba kimya. Wengine hupumzika, wengine huanguka ugonjwa wiki ya kwanza, na wengine hugundua hawataki arudi, wakajiogopa tena. Sikutishi. Ni afadhali ukutane na mawazo hayo ukijua yanaweza kuja.

Na kwa nini iwe miezi mitatu au hakuna? Wifi ni mstaafu, anaweza kuja yeye Njombe wiki mbili, akaona hali kwa macho ya kiuguzi, akakufundisha kumgeuza kwa shuka la katikati badala ya mgongo wako. Au mnaweza kwenda Mbeya wote wawili, wewe ukalala chumba cha pili usiamke usiku. Au zile hela za watoto, badala ya kuja kidogo kidogo, zikamlipa kijana mmoja mwaminifu alale hapo siku tatu kwa wiki. Ukiniuliza usiku una thamani gani, nilimuuguza mama yangu miezi minane, nakwambia usiku mmoja wa kulala saa saba mfululizo ulinifanya nimpende tena. Niliona aibu kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Nadhiri yako uliitaja. Katika afya na katika ugonjwa ulisema hutamwacha, hukusema hutasaidiwa. Kutoka 17 inajulikana sana, Musa na mikono yake juu ya kilima wakati Israeli wanapigana na Waamaleki, lakini watu hulisahau jiwe. Mikono ilipokuwa mizito walimletea jiwe akalikalia, kisha Haruni na Huri wakaishika mikono, huyu huku na huyu huku, mpaka jua lilipokuchwa. Hakuna aliyesema maombi yale si ya Musa tena kwa sababu ameketi.

Lakini kilio cha Mwalimu nisikipuuze. Kweli, baada ya kiharusi wengine hulia au kucheka bila hisia kulingana na machozi, na umeshaliona hilo mlango unapobishwa. Hata hivyo alitikisa kichwa. Ni mtu, tena alikuwa mkuu wa shule, miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiamua nani akae wapi. Mkishazoeana na vidole, muulize siku tofauti tatu, kwa maneno mafupi. Unataka dada yako aje? Unataka kwenda kwake? Mimi nikija na wewe? Huenda anachokataa ni kutupwa, siyo Mbeya. Huenda ni Mbeya kweli. Ukishajua, utakuwa na mzigo mwingine wa kupima alichokitaka na mgongo wako, ila utakuwa unapima kitu halisi.

Kuhusu uenyekiti sina mengi. Sioni haja ya kueleza kofi mbele ya umoja mzima, hilo lina mahali pake na nimekutajia. Kusema "nimechoka, makamu ashike kwa miezi sita" hakuhitaji maelezo zaidi, na atakayetaka zaidi mwache atake. Utasemwa kidogo. Huko kunakojuana mpaka kuku, mtasemwa hata mkifa watakatifu. Au ukabaki mwenyekiti, na safari hii umoja ukapanga zamu ya kutembelea mgonjwa mmoja aliyesahaulika kwenye orodha, yaani wewe. Sijui lipi litakuumiza zaidi. Unawajua wanawake wako kuliko mimi.

Na ile Jumapili uliyoongoza maombi watu wakalia. Umeliona kama unafiki. Nimejiuliza kama mtu aliyeomba siku ile hakuwa ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote humo ndani, na pengine sauti iliwafikia kwa sababu hiyo. Sitalisisitiza. Nyumbani usijilazimishe kupiga magoti, utalala tu, na ukilala, lala. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina ubeti wa furaha mwishoni, na bado imo. Warumi 8 inasema Roho hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Nyumba yako ina wawili wasioweza kutamka.

Jambo la mwisho, nalo nimelichukua kutoka kwenye barua yako mwenyewe. Ulisema kwaya hawakukubali kumwachia Mwalimu kwa sababu ya besi. Wapo waliopoteza maneno kwa kiharusi lakini nyimbo walizoziimba utotoni zikabaki, na maneno yake ndani, kwa sababu uimbaji hautegemei upande ule ule wa ubongo pekee. Si wote, na usimwahidi chochote. Jioni moja, binti akishaondoka, chagua wimbo ambao Mwalimu aliuimba maisha yake yote, anza wewe sauti ya kwanza, polepole, mshike mkono wa kushoto umpigie mapigo. Halafu niandikie, hata mistari miwili, uniambie kama aliingia na besi.